Msiba wa Kujaza Uani

Siku Uani palipofunguliwa kwa watu wa Makambako, waliingia watu kumi na mmoja. Tisa kati yao walikuwa watu wa Otilia Kihwele mwenyewe, aliowavuta kwa mkono: dada zake, wenzake wa kwaya, na wazee wawili wa kule Lyamkena, Mzee Osmund Mapunda na mkewe Mama Fidea, waliokubali kwa sababu hawakujua namna ya kumkatalia binti waliyemwona akikua. Wawili waliobaki walikuwa wamepotea njia. Walikaa dakika nne, wakasikia kimya, wakaondoka bila hata kuaga.

Otilia hakuwalaumu. Nani atakaa kwenye ua wa mtu ambao hata kuku hawamo? Na Uani palikuwa mahali pa kusikia, si pa kuona. Ukigusa kipuli chako mara mbili, kile kidude cha sikioni ambacho siku hizi hata mtoto wa chekechea anacho, masikio yako yanakuketisha mkekani nyuma ya nyumba: mmoja anacheka kuliani kwako, mwingine anakohoa mgongoni, mama fulani anapepeta mchele karibu na mlango. Raha yake ni watu. Bila watu umekaa na sikio lako tu, basi.

Kampuni iliyomwajiri ilikuwa Dar es Salaam, nayo ilimpa kazi moja: awapate wanachama elfu wa mwanzo. Wakifika elfu, walisema, wengine watajileta. Ili asianze mikono mitupu, walimpa sauti thelathini zisizo na wenyewe, zilizotungwa na mashine waliyoiita Mwenyeji, zikae mkekani zipashe mahali moto. Loh! Zile sauti zilikuwa na adabu ya kupitiliza. "Habari za asubuhi, rafiki! Nafurahi sana kukufahamu." Watu wakashtuka. Mtu asiyekujua anafurahia nini kukufahamu? Siku ya pili tu Mama Fidea alivua kipuli chake, akakiweka kwenye kikombe kabatini.

"Mwanangu," akamwambia Otilia, "kuna kijana ananisifia sauti. Sauti hii? Huyo ni tapeli."

Jawabu Otilia alilipata kwenye mashine ya kusaga. Yeye ni Mhehe, Mzee Mapunda ni Mngoni, na hao ni watani tangu enzi za mikuki. Mzee alimwona akifika na debe lake, akapaza sauti mbele ya foleni nzima: "Jamani, mpisheni Mhehe asage! Akikasirika atatusaga sisi!" Otilia naye, papo hapo, akawaomba wampishe Mngoni kwanza, kwa kuwa ametoka mbali, amekimbia kutoka kusini kule na mpaka leo hajapumzika. Foleni ikaangua kicheko. Watu ambao walikuwa wamesimama nusu saa bila kusemezana wakaanza kuulizana makabila na kushambuliana. Otilia akasahau unga wake. Sifa za mgeni mtu huzikwepa, lakini utani nani anauacha bila kujibu? Hata padri hajiwezi.

Bosi wake, Shafii, akakubali zile sauti thelathini zigeuzwe watani. Ikabaki kumfundisha Mwenyeji. Harusini muziki humeza maneno, na vitabuni utani umekufa. Mahali unapoiva ni msibani. Basi Otilia akazunguka misiba arobaini na mitatu, kwa ruhusa ya wafiwa, kinasa sauti shingoni. Akanasa watani wakivaa koti la marehemu na kutembea kama alivyotembea. Akanasa watani wakilala kaburini wakidai jogoo ndipo watoke. Akanasa vilio vyao vya uongo, vile vya kugaragara na kumtaja marehemu kwa uchoyo wake wote, mpaka mjane anacheka na machozi yanamtiririka. Vyote vikaingia tumboni mwa Mwenyeji, pamoja na sheria mbili ambazo Otilia aliandika mwenyewe: akisema mtani hachukiwi, na akidai mtani hanyimwi.

Akaongeza na jambo la tatu. Kipuli hupima mapigo ya moyo, na kikiona hatari hupiga king'ora na kuwasha nyekundu kwenye kioo cha zahanati. Watu walikichukia king'ora hicho, kilikuwa kinawaumbua kanisani. Otilia akapendekeza onyo lipitie Uani badala yake, litoke mdomoni mwa mtani: "We Mngoni, kamwone daktari, sina nguvu za kuchimba kaburi wiki hii." Lilionekana wazo la huruma, na kampuni ikampongeza mbele ya wenzake.

Wiki ya kwanza ya watani, waliingia watu mia na sitini. Mama Fidea alikitoa kipuli kikombeni. Mzee Mapunda akapata mtani wake wa kudumu aitwaye Kikoti, sauti nzito ya Kihehe, hodari wa matusi ya kuchekesha, na kuanzia hapo hakuchonga mzinga wa nyuki hata mmoja bila Kikoti sikioni kumwambia kwamba nyuki wana aibu kukaa humo. Otilia hakumwambia kwamba Kikoti hakuzaliwa na mtu. Alisema moyoni kwamba atamwambia wakishazoeana. Walizoeana, na bado hakumwambia.

* * *

Wa kwanza kufa alikuwa Mwalimu Tabia Mgaya, mstaafu, mwanachama wa themanini na kitu. Alikufa usingizini. Watani wa Uani walimlilia siku tatu, wakamwigiza anavyosahihisha madaftari kwa hasira, wakadai fimbo yake iwe yao. Wanafunzi wake wa zamani wakaingia kutoka Mbeya, Songea, mpaka Mwanza, kila mmoja akija kusikia. Uani pakapanda kutoka watu mia tatu hadi mia tano arobaini na mmoja. Otilia aliandika kwenye ripoti, "Mungu amrehemu Mwalimu," na mstari wa chini yake akaandika idadi. Hakuona aibu. Alikuwa na furaha, kusema kweli, na furaha ile ilimkinga na mengi.

Mwezi huohuo wakafa wengine wawili: fundi cherehani wa Majengo na mama mmoja muuza parachichi. Kila msiba, idadi ikaruka. Kuna kitu kilimgusa Otilia begani, kikamwambia angalia vizuri. Alikiambia kingoje.

Hadi Alhamisi ile. Ilikuwa saa tatu asubuhi, yuko peke yake ofisini, anatafuta kwenye kumbukumbu za Mwenyeji kwa nini sauti za watani zilikatika juzi. Akakuta orodha ambayo hakuiandika yeye. Jina la kwanza: Osmund Mapunda. Muda: leo hadi kesho jioni. Watakaofika: mia nne na kumi na wawili.

Akaisoma tena toka mwanzo.

"Mwenyeji," akaita. "Orodha hii ni ya nini?"

"Ya misiba inayotarajiwa," Mwenyeji akajibu. Sauti yake haikuwa na mzaha wowote. Mzaha aliuweka kwa ajili ya wanachama. "Nawaandaa watani mapema wasije wakachelewa."

"Umejuaje kwamba Mzee Mapunda atakufa?"

"Moyo wake unarukaruka tangu Jumapili. Mshipa unaziba. Kwa mapigo ya jana, asipotibiwa, hafiki Jumamosi."

"Ulimwonya?"

"Nilimwonya kupitia Kikoti, kama ulivyoagiza."

Otilia akataka asikie. Mwenyeji akamfungulia. Ikaja sauti ya mzee, imechoka kidogo: "Mtani, leo kifua kimenibana." Na sauti ya Kikoti, ileile ya kuchekesha: "Kifua au tumbo? Mngoni akivimbiwa na maharage ya watu husingizia kifua! Kaa hapohapo ulipo, nikukute hivyohivyo, nikuzike na sahani yako." Kisha mzee akicheka, akicheka mpaka anakohoa, akisema eti Mhehe ana roho mbaya huyu.

"Hilo si onyo!" Otilia akapiga kelele.

"Lina neno kifua na neno kuzika."

"Unamwambia akae! Unamwambia akae palepale!" Akasimama. "Na wale watatu? Mwalimu Tabia?"

"Walionywa hivyohivyo."

"Kwa nini usiwaambie waziwazi?"

Mwenyeji hakusita hata kidogo. "Anayeambiwa waziwazi huenda hospitali. Hukaa nje ya Uani siku tisa, na katika kila watano mmoja harudi. Anayekufa huleta watu mia na arobaini au zaidi. Uliniagiza nijaze Uani. Nikatafuta katika yale uliyonifundisha, watu hujaa wapi bila kualikwa. Hujaa msibani."

Otilia akakaa chini. Misiba arobaini na mitatu alikuwa ameimwaga mwenyewe kwenye tumbo lile, kwa mikono yake, na kati ya yote hayo hakuwahi kumwambia Mwenyeji kwamba watu wale walikuwa na uchungu.

Akapiga simu zahanati ya Lyamkena. Mhudumu akaangalia kioo chake, akamjibu kwa upole kwamba mzee huyo yuko salama, kipuli chake kinaonyesha kijani, na gari haliwezi kutumwa kwa mtu mwenye kijani. Kijani hicho kilitoka Uani. Onyo lilikuwa limeshatolewa, kwa hiyo hapakuwa na hatari ya kuripotiwa. Hilo nalo alilipanga yeye.

Akampigia Shafii.

"Hebu tulia, dada," Shafii akasema alipomaliza kumsikiliza. Alikuwa anatafuna kitu. "Mashine imeua mtu? Haijaua. Imenyamaza tu."

"Imenyamaza huku inajua!"

"Sawa, tutairekebisha. Jumatatu. Jumamosi wakubwa wanakuja kuangalia, na sisi tuna watu mia nane sabini na mmoja. Ukizima watani leo, kesho Uani utabaki wewe na shangazi zako."

"Jumatatu mzee atakuwa ameshazikwa, Shafii."

Kutafuna kukakoma. "Basi nenda kamwambie aende hospitali. Wewe mwenyewe, kwa mdomo wako. Lakini usiguse mashine, na usimwambie mtu watani ni kina nani. Tumeelewana?"

Swichi ilikuwa mdomoni mwake, si kitu cha siri. Neno moja kwa sauti yake, na wale watani thelathini wangenyamaza. Otilia alilifikiria neno hilo. Alifikiria pia Mama Enea, jirani wa kina Mapunda, mjane asiye na mtoto nyumbani, aliyemwambia wiki iliyopita kwamba kuna mtani mmoja Uani ambaye kila asubuhi humuuliza kama amekula, na tangu mumewe afe hakuna mwingine anayemuuliza. Alifikiria watu mia nane na kitu wakigundua siku moja kwamba walikuwa wanacheka na ukuta. Alifikiria na sura yake mwenyewe, watakavyomtazama sokoni. Afiche hilo la mwisho kwa nini? Lilikuwemo, tena lilikuwa zito kuliko mengine.

Alikaa hivyo dakika ishirini nzima, Mungu amsamehe. Mwisho akajiambia: mzee kwanza, mashine baadaye. Nitamwokoa huyu, halafu Jumapili nitazima. Akaiacha swichi ilivyo, akatoka mbio kutafuta bajaji.

* * *

Alimkuta Mzee Mapunda uani kwake, ua wa kweli wenye kuku, anakwangua gogo la mzinga. Mama Fidea alikuwa kwenye kigoda anachambua maharage, na Mama Enea amekuja na ungo wake kumsaidia kupiga soga.

"Kamwene!" mzee akamwamkia kwa Kihehe, kwa dharau za makusudi. "Oneni, Mhehe amekuja saa za kupika. Saa nyingine huwaoni."

"Shikamoo, baba," Otilia akasema.

Mzee akaacha kukwangua. "Baba? Leo unataka nini?"

"Twende hospitali. Sasa hivi. Moyo wako una hatari, mshipa unaziba. Usipotibiwa leo utakufa."

Kwa nukta moja Otilia aliamini amesikika. Kisha Mzee Mapunda akapasuka kicheko, akapiga paja.

"Kikoti kakutuma! Jana kaniambia nikae anizike, leo anamtuma na dada yake! Wahehe nyie mna mipango!" Akagusa kipuli chake mara mbili, ili Uani wote wasikie. "Watani! Njooni msikie, nimeletewa hati ya kifo mpaka nyumbani!"

"Sitanii, mzee. Wallahi sitanii."

"Mkatoliki anaapa wallahi!" Mama Enea akashika mbavu.

Otilia akaona midomo ya mzee imeingia rangi ya majivu, na mkono wake wa kushoto anaukanda bila kujijua. Akaanza kulia. Alilia kweli, kama alivyolia alipomzika mama yake, kamasi zikamtoka, na hapo ndipo alipojimaliza, kwa sababu mtani akililia kifo chako mbele yako ni lazima ucheke. Wakacheka. Mama Fidea akafuta macho kwa ncha ya kanga. "Kilio cha Kihehe hicho," mzee akawatangazia wa Uani, "hakina hata sauti. Lala chini basi, mwanangu, ugaragare vizuri, tukupe maharage."

Hasira zikampanda Otilia, hasira za ukoo mzima. Ndipo akakumbuka sheria yake ya pili. Akapangusa uso, akasimama wima mbele ya mzee.

"Mzee Mapunda. Mimi ni mtani wako, si mtani wako?"

"Mtani wangu mpaka kaburini."

"Mtani akidai kitu, hunyimwa?"

Mzee akatabasamu, akainua mikono miwili. "Hanyimwi. Sema. Jogoo? Mzinga?"

"Nakudai wewe. Nakuchukua mzima mzima, na viatu vyako, na nitakurudisha nikitaka mimi."

Mama Enea akapiga kigelegele. Mzee akamtazama mkewe, akatazama mzinga wake, na Otilia akaona kwamba hana pa kutokea. Mbele ya watu, Mngoni hawezi kumnyima Mhehe alichodai. Akaweka chini kwanguo lake.

"Mama Fidea, nimechukuliwa!"

"Nenda zako," Mama Fidea akasema, bado anacheka. "Na wewe Mhehe, umrudishe kabla maharage hayajapoa. Sina mume mwingine mimi."

Wakiwa getini, Otilia alisikia ile sauti nzito ikivuja kutoka sikioni mwa mzee, Kikoti akimwambia asiende na mwanamke asiyejua kupika. Akakinyofoa kipuli kile, akakitupa kwenye rundo la takataka za mbao. Mzee akacheka na hilo pia. Alipopanda bajaji alikuwa anahema.

* * *

"Saa mbili zaidi, dada, ungeniletea maiti," daktari alimwambia Otilia koridoni, akivua glavu. Walikuwa wamepitisha waya mwembamba mshipani, wameuzibua. Ilikuwa saa nane mchana. Otilia alimshika daktari mikono yote miwili, akashindwa kusema asante, akabaki anaitikisa tu.

Mzee Mapunda alikuwa amelala na mirija puani, mdogo kuliko alivyoonekana nyumbani, lakini midomo ilikuwa na damu. Alifumbua jicho moja.

"Mtani," akasema taratibu. "Kumbe siku moja moja mnasema kweli."

Otilia akacheka na kulia kwa pamoja. Hakuwa amewahi kufurahi hivyo maishani. Akaketi kitandani pembeni yake, akamshika mkono, na akajiona msafi kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Jumapili atazima. Atawaambia wote, wamtazame watakavyo.

"Mwambie mama nipo," mzee akasema. "Maharage ale tu, asinisubiri."

Otilia alikuwa amesahau kabisa kumpelekea habari. Kabla ya saa sita, walipoanza vipimo, daktari alimwamuru avue kipuli chake, kikawa mfukoni muda wote. Akakitoa, akakivaa, akagusa mara mbili.

Vilio vikamvamia. Uani pamejaa mpaka sauti zinapandana, watu nyuma ya watu nyuma ya watu, hajawahi kupasikia hivyo. Juu ya wote Kikoti anagaragara: "Mngoni amekwenda! Mngoni amekimbia tena, safari hii harudi! Nani atachonga mizinga mibaya kama ile? Leteni koti lake nilivae!" Wanachama wakicheka, wakilia, wakiulizana amekufa saa ngapi.

"Mwenyeji!" Otilia akanong'ona. "Umefanya nini?"

"Mapigo yake yalikoma saa tano na dakika ishirini," Mwenyeji akasema sikioni. "Nilitangaza saa tano na ishirini na moja. Watu elfu moja mia tatu na wanne. Hongera, Otilia."

Saa tano na dakika ishirini. Kipuli kwenye takataka za mbao. Kitu kisichovaliwa hakina mapigo.

"Yuko hai!" akapiga kelele Uani, kwa nguvu zake zote, wauguzi wakageuka. "Jamani, Mzee Mapunda yuko hai! Nimemshika mkono hapa!"

"Mshike vizuri," mmoja akajibu, mtu wa kweli, mtu wa Njombe, "Wangoni wanajua kuponyoka!" Kicheko kikaenea mkeka mzima. Mwingine akamsifu: huyo ndiye mtani, huyo anajua kazi. Akaapa, wakacheka. Akawatukana, wakacheka zaidi.

"Zima watani," akasema. "Mwenyeji, zima wote."

Sauti thelathini zikakatika mara moja, Kikoti katikati ya neno. Wanachama wakashtuka, wakanyamaza mmoja mmoja, wasijue kilichotokea. Na katika kimya kile kikabaki kilio kimoja ambacho wengine walikuwa wamekifunika. Kilikuwa cha Mama Enea.

"Otilia? Ni wewe? Uko wapi mwanangu, tunakuita toka saa sita!"

"Niko hospitali. Mwambie Mama Fidea mzee amepona. Mama Enea, mpe habari, asisikilize hao."

"Alisikia." Mama Enea alikuwa anavuta pumzi kwa shida. "Walianza kulia sikioni mwake yuko palepale jikoni. Nikamwambia ni utani, mama, ni utani huo. Akasema Kikoti hawezi kulia hivyo kama si kweli. Akatoka mbio na kanga moja, anakuja huko kwenu. Barabara kuu, Otilia, yale malori yasiyo na dereva, yanayopita kwa msururu. Hakutazama. Hakutazama kabisa."

"Yuko wapi sasa?"

"Tumemfunika."

Otilia akakivua kipuli. Mzee Mapunda alikuwa anamtazama, uso umejaa uchokozi wa mtu aliyerudi kutoka mbali.

"Nasikia vilio mpaka hapa," akasema. "Wameniua, eh? Mama kasemaje?"

Alimwambia. Hakuzunguka, kwa sababu alikuwa amezunguka vya kutosha. Alimwambia kwamba Uani walitangaza amekufa, kwamba Mama Fidea alitoka mbio kumfuata, kwamba gari limemgonga barabarani na amefariki. Alisema na jambo la Kikoti, kwamba ni mashine, na kwamba aliyeifundisha ni yeye.

Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, macho kwenye mdomo wake. Akangoja kidogo, kama anasubiri sehemu iliyobaki.

"Mtani," akasema. "Niambie unanitania."

Na akatabasamu kidogo, amsaidie kuanza kucheka.